Tarime, Serengeti na Meza ya Arusha: Kweli au Si Kweli?

Mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakibadili utaratibu wa forodha, wa kwanza kuuonja ni mama wa Sirari, mpakani na Kenya, mwenye magunia yake ya mahindi. Hata hivyo, vijiweni na hata vikaoni zinasikika kauli zinazowafanya wananchi wa Tarime na Serengeti wajione watazamaji tu. Tumezipima tano.

"Mambo ya Jumuiya ni ya Dodoma, halmashauri hayaihusu."

SI KWELI. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa palepale mpakani, na ushuru wa forodha haumgusi. Lakini kabla mzigo haujafika Sirari, huenda umeshapita kwenye geti la ushuru wa mazao, na geti hilo ni la halmashauri. Tozo ikikwamisha biashara ya mpakani isivyo halali, inaweza kuripotiwa kuwa kikwazo kisicho cha kiforodha, na Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo vya aina hiyo. Diwani anayeinua mkono kupitisha sheria ndogo ya ushuru anagusa soko la Afrika Mashariki, na ni haki yake kuelezwa hivyo mapema.

"Mkataba wa Jumuiya hauzitambui ngazi za chini."

NUSU KWELI. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unataka, katika Kifungu cha 7, ushiriki wa ngazi mbalimbali na wadau wengi katika mtangamano. Kanuni ipo; kiti hakipo. Wabunge 9 wa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na Bunge la taifa, si na wilaya wala mikoa. Umoja wa Ulaya una Kamati ya Mikoa tangu mwaka 1994, na katika mambo kadhaa ni lazima iombwe maoni kabla ya uamuzi. Kwetu, kuitwa au kutoitwa kunategemea hisani ya aliyeitisha mkutano. Hilo linapaswa kubadilika.

"Serengeti ikae na Narok, waandikiane mkataba wa maji yaishe."

SI KWELI. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Makubaliano ya bonde la Mto Mara ya mwaka 2015 ni ya serikali mbili, Kenya na Tanzania. Isitoshe, madaraka hayalingani: kaunti za Narok na Bomet nchini Kenya zina magavana waliochaguliwa, wakati Mkuu wa Mkoa wa Mara huteuliwa na Rais. Kinachowezekana ni kukaa pamoja na kupeana taarifa, na Siku ya Mara, inayoadhimishwa kila Septemba 15 kwa uamuzi wa mawaziri wa Jumuiya, ni nafasi ya kuanzia.

"Sisi tuko chini ya mto, hatima yetu iko Kenya."

SI KWELI. Ni kweli kwamba Mto Mara unaanzia msitu wa Mau, Kenya, na kwamba karibu theluthi mbili za bonde lake ziko Kenya. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria nayo iko Kisumu. Lakini mto ukishatoka Hifadhi ya Serengeti unapita kati ya Tarime na Serengeti kuelekea ziwani, na hapo sheria ni zetu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Na serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Ukiruhusu jembe lifike majini Serengeti, utamwambia nini mkulima wa Bomet?

"Mwananchi wa Mugumu hawezi kufikisha shauri katika mahakama ya Jumuiya."

SI KWELI. Kifungu cha 30 cha Mkataba kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga uamuzi wa serikali unaovunja Mkataba, mradi awahi ndani ya miezi miwili. Mwaka 2010 shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi liliishtaki Tanzania kuhusu barabara ya kutoka Mugumu, mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, kwenda Loliondo. Tarehe 20 Juni 2014, mahakama iliizuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Barabara hiyo ilihusu hifadhi, na ilihusu pia wagonjwa, mazao na wanafunzi wa Mugumu. Hoja za upande huo nazo zilistahili kubebwa na wenyewe.

Kifanyike nini?

Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka. Mambo ya Jumuiya yawe ajenda ya kudumu: malalamiko ya Sirari yaandikwe kwa tarehe na kiasi cha tozo, na taarifa za jumuiya za watumia maji zisomwe. Kisha yapelekwe mkoani, na kutoka mkoani hadi wizara inayokwenda Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kabla mawaziri hawajakaa. Wabunge wetu nao wadai kiti cha serikali za mitaa kiandikwe kwenye Mkataba. Tarime na Serengeti zinaishi na maamuzi haya kila siku, na zina haki ya kusikilizwa yanapofanywa.