Je, Wajua? Wastaafu wa Soweto na Likizo ya Kihambani

Januari ikiingia, jua la Moshi halina huruma. Ndipo wastaafu wa mtaa wa Soweto wenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, huko mlimani Kilimanjaro wanapoanza kufungasha: blanketi, dawa za presha, redio, mbegu za maharage. Kwa majuma kadhaa makazi yao ni Marangu, Kibosho, Uru au Machame. Safu ya leo ni yao, na ya kila anayehesabu miaka iliyobaki kazini.

JOTO, BARIDI NA NJIA

Je, wajua kuwa nauli ya daladala inatosha kukubadilishia hali ya hewa? Moshi mjini ni mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari. Vihamba vingi viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Mjini kukiwa na nyuzi 33 mchana wa Februari, aliyeketi barazani mita 700 juu yako anapungukiwa na nyuzi nne hivi. Usiku anajifunika blanketi, wewe unatafuta feni.

Je, wajua kwa nini mlimani ni kijani hata mjini majani yakikauka? Upande wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaopokea mvua nyingi zaidi. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Msituni, juu ya mita 2,000, mvua hupita milimita 2,000.

Je, wajua kuwa kuna pia msimu wa kushuka? Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za udongo huteleza na gari dogo hukwama. Juni hadi Agosti ukungu hulala juu ya migomba siku nzima. Mwenye magoti yanayouma hahitaji kuambiwa mara mbili: anarudi Soweto.

Je, wajua kuwa reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911? Baadaye treni ya abiria ilisimama kwa miaka mingi, hadi Desemba 2019 safari za Dar es Salaam hadi Moshi ziliporejea. Ilikuwa nafuu kwa babu na bibi wanaosubiri wajukuu, maana Desemba tiketi za basi za kwenda Kilimanjaro hugombaniwa.

Je, wajua kuwa Marekani wapo wastaafu wanaouza nyumba na kuhamia kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo? Majira ya joto huliegesha milimani, baridi ikija huteremka kusini. Magari ya namna hiyo si mapya: Pierce-Arrow Touring Landau ilionyeshwa New York mwaka 1910. Mstaafu wa Soweto mwenye kihamba anaupata ubaridi wa mlimani bila kununua gurudumu hata moja.

KIHAMBANI

Je, wajua kuwa dunia imekitambua kihamba? Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliorodhesha kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, Wilaya ya Moshi, miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni utaratibu wa karne nyingi: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na ardhini magimbi, maharage na mboga. Shamba na kivuli cha kupumzikia ni kitu kimoja.

Je, wajua kuwa watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro? Takriban 400 kati ya hizo hakuna aliyezipanda. Mstaafu anayeingia na panga akitaka kusafisha kila kisichozaa afikiri mara mbili: mengi ya majani hayo ni dawa, malisho au hifadhi ya udongo.

Je, wajua kuwa kuishi juu na chini ni jambo la zamani kwa Wachagga? Kaya nyingi zilikuwa na kihamba mlimani, na shamba la mahindi na maharage kule tambarare. Kina mama walishuka kulima na kupanda tena na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Anayegawa mwaka wake kati ya Soweto na Kibosho anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Je, wajua kuwa maji ya vihamba yaliongozwa kwa akili kabla ya mabomba? Mifongo, yaani mifereji ya asili, huchepusha maji ya vijito juu na kuyatembeza kwenye miteremko hadi mashambani. Maji hupokelewa kwa zamu, na siku ya kuzibua mfereji kila mwenye zamu anatarajiwa. Kustaafu hakumwondoi mtu kwenye orodha hiyo. Asiyeweza kushika jembe hutuma mtu.

Je, wajua kazi ya yale majani marefu ya kijani yanayopandwa mpakani? Ni masale. Yanaonyesha mwisho wa kihamba chako na mwanzo wa cha jirani. Tena ni mmea wa amani: aliyekosa akija na sale mkononi kuomba radhi, kwa mila ni vigumu kumfukuza. Wazee waliorudi na kukuta mpaka umesogezwa wajaribu sale kabla ya baraza la kata.

Je, wajua kuwa ng'ombe wa kihambani huletewa chakula bandani? Eneo ni dogo, hakuna pa kumfungulia. Hukatiwa majani na kupewa vipande vya mgomba, naye hurudisha samadi inayolisha migomba. Zamani watu walikata pia majani na kuokota kuni katika ukanda wa msitu uitwao nusu maili, uliotengwa mwaka 1941. Tangu mwaka 2005 msitu umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo usiingie na panga kwa mazoea ya utotoni.

Je, wajua kuwa kahawa ya Kilimanjaro ilijenga ushirika mapema? Wakulima waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925. Mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, ambacho kingali hai. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kilianza mwaka 1934, na leo ndipo yalipo makao ya taasisi ya utafiti ya TaCRI. Kama mibuni ya baba imezeeka, kule kuna aina zinazostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Msimu wa kuchuma huanza kama Julai na kuendelea hadi karibu na Krismasi, kazi nyepesi kwa wawili wasio na haraka.

Je, wajua kuwa kwa mila nyumba ya wazazi mara nyingi huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho? Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Wenzi waliostaafu wana muda wa kukaa na watoto wote, wa kike na wa kiume, na kuandika wosia. Kesi nyingi za vihamba huanza siku chache baada ya matanga.

MEZANI

Je, wajua kuwa mtori ulikuwa kwanza chakula cha mzazi? Ndizi mshare na nyama huchemshwa hadi ndizi zipondeke na kuwa supu nzito ya kumrudishia nguvu aliyejifungua. Wazee nao waligundua mapema kwamba haudai meno.

Je, wajua kuwa mbege haitengenezwi kwa siku moja? Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, huachwa zichachuke, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake hutoka kwenye gome la mti wa msesewe. Hunywewa kwenye kata inayozungushwa, na mkubwa huheshimiwa kwanza. Ikikaa siku kadhaa huwa kali, na mwenye dawa za presha aulize daktari kabla ya kuuliza mpishi.

MIGUU IKIWA BADO INA NGUVU

Je, wajua kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika uko Kilimanjaro? Ni mkukusu wa bonde la Mrusungu, wenye zaidi ya mita 81. Habari zake zilitangazwa mwaka 2016, na umri wake unakadiriwa kupita miaka 500.

Je, wajua kuwa si lazima kupanda hadi Uhuru, mita 5,895, ili kuijua hifadhi? Kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,700 hivi, ni mwendo wa saa tatu au nne kupitia msituni, na unarudi jioni hiyo hiyo. Ukiona ni mbali, maporomoko ya Materuni huko Uru na Kinukamori huko Marangu yanafikika kwa miguu. Anayetaka kuogelea ashuke Chemka, wilayani Hai, kwenye chemchemi za maji maangavu chini ya mitini.

Je, wajua kuwa mume na mke waliopita miaka 80 walifika kileleni pamoja? Mwaka 2012, Martin Kafer wa Vancouver, Kanada, alifika akiwa na miaka 85, na mkewe Esther miaka 84. Julai 2019, Mmarekani Anne Lorimor alifika akiwa na miaka 89. Wote walipanda polepole. Mlima huu hauwapendi wenye haraka, hata wawe vijana.

Je, wajua kuwa mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003? Hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au hapo jirani, na zipo za kilomita 5 za kujifurahisha. Usipokimbia, kaa kando ya barabara umpigie makofi jirani yako.

MFUKONI NA AFYA

Je, wajua kuwa mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60? Kanuni za mafao za mwaka 2022 ziliweka mkupuo wa asilimia 33 ya pensheni. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa 50 hapo zamani, na 35 kwa waliokuwa wakilipwa 25. Kinachobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hesabu hiyo, mtumishi asingoje siku ya mkupuo ndipo ajenge kihambani.

Je, wajua kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na ilitaka wasio na uwezo watibiwe bure? Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi. Kabla ya kupanda, chukueni dawa za kutosha na namba ya jirani mwenye gari.

Wenye vihamba vinavyofunguliwa Desemba tu, sikieni neno hili. Nyumba isiyokaliwa huoza paa, na mgomba usiotunzwa huzaa vibaya. Pandeni mlimani Januari, kagueni paa kabla ya masika, na chukueni mjukuu mmoja ajifunze mpaka uko wapi.