Bastola ya Fataki na Mihuri Yake

Bastola ya kale ikitoka chini ya sanduku la marehemu babu huko Ndanai, Kenya, jambo la kwanza si kuuliza ni nani aliyeiunda, bali ni kuyakinisha kwamba haina baruti, maana silaha hizi hushindiliwa kwa mdomo wa kasiba, na kilichoshindiliwa chaweza kukaa humo miaka mia bila ya mtu kukitambua. Jiepushe na mdomo wake, tia kijiti chembamba taratibu mpaka kigote, kitie alama, kisha ukilaze juu ya kasiba kwa nje: ikiwa ncha haikukaribia kifa, pale inapopachikwa fataki, basi kuna kitu kimelala ndani, nayo iachwe hapo hapo waitwe polisi; na hata ikiwa tupu wapewe habari, kwani haifai kudhani kwamba ukongwe wake umeitoa katika sheria ya silaha.

Wengi huanza kwa kusoma jina lililochorwa kwenye bamba la mtambo, nami naliona kuwa shahidi dhaifu. Katika Birmingham ya karne ya 19 bastola moja ilipita mikononi mwa mafundi kadhaa, huyu wa kasiba, huyu wa mtambo, huyu wa kitako, na jina lile aghalabu ni la tajiri aliyeiuza. Tena neno London lilitiwa kwenye kasiba ambazo hazikupata kuiona London, kwa kuwa liliwavutia wanunuzi.

Ushahidi ulio madhubuti ni mihuri midogo iliyogongwa ubavuni au chini ya kasiba, baada ya kujaribiwa kwa baruti iliyozidi kipimo cha kawaida. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813. Herufi GP chini ya taji ni za London. Na ELG ndani ya duara la yai ni ya Liège, Ubelgiji, ambayo ikikosa taji juu yake kasiba hiyo ilijaribiwa kabla ya 1893. Namba kama 54 si mwaka: ni hesabu ya risasi za mviringo, za upana wa kasiba hiyo, zitokazo katika ratili moja.

Kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa pigo mwaka 1807, na fataki za kikombe cha shaba zikaenea katika miaka ya 1820. Walakini ukiona matundu yaliyozibwa kwenye bamba, fahamu kwamba bastola hiyo ilizaliwa gumegume, yaani ya kuwashwa kwa jiwe, ikageuzwa baadaye. Majeshi ya Waingereza yalipoishambulia Sotik, iliko Ndanai, mwaka 1905, silaha za namna hii zilikuwa zimekwisha kupitwa na bunduki za risasi zenye ganda, kwa hiyo umri wa bastola na mwaka ilipofika Ndanai ni mambo mawili mbali. Hilo la pili halimo katika chuma, huulizwa kwa wazee wa nyumba hiyo, kabla msasa wa kung'arishia haujaigusa mihuri.