Kitendawili cha Angani: Umma na Chombo cha Siri X-37B

Kitendawili kina kanuni zake. Mtegaji hutega, wasikilizaji hujaribu kutegua, na wanaposhindwa humpa mji. Akishapewa mji, hana budi kutoa jibu. Tangu Aprili 2010, pana kitendawili kimoja angani ambacho mtegaji wake ameikiuka kanuni hii: miji amepewa mingi, jibu hajalitoa. Kitendawili hicho ni X-37B, chombo cha anga za juu cha jeshi la Marekani kisicho na rubani. Makala haya yanadhamiria kueleza chombo hicho ni nini, na hasa namna umma ulivyokabiliana na usiri wake. Kwani, kinyume na inavyodhaniwa aghalabu, kilichofichwa si chombo chenyewe.

Kwa umbo, X-37B ni ndege ndogo yenye mabawa mafupi. Urefu wake ni takribani mita 8.9, upana wake kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine ni mita 4.5 hivi, na uzito wake kinaporushwa unakaribia kilo 5,000. Hupandishwa kwa roketi kama setilaiti yoyote, hukunjua paneli ya kunasa nishati ya jua, kisha kazi inapokwisha hushuka na kutua kwenye uwanja wa ndege, kikijiongoza chenyewe. Mradi huu ulianza mwaka wa 1999 chini ya NASA, shirika la kiraia, ukishirikisha kampuni ya Boeing. Mwaka wa 2004 ulikabidhiwa DARPA, asasi ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi, na hapo ndipo pazia liliposhushwa. Kufikia Machi 2025, safari saba zilikuwa zimekamilika. Ya kwanza ilidumu siku 224. Ya sita, iliyokoma Novemba 2022, ilidumu siku 908.

Siku ya kurushwa hutangazwa, na ya kutua pia. Hata baadhi ya shehena hutajwa: safari ya sita ilibeba mbegu ambazo NASA ilitaka kuona zinavyoathiriwa na mnururisho, pamoja na kifaa cha jeshi la wanamaji cha kugeuza nishati ya jua kuwa mawimbi ya redio. Yasiyotajwa ni njia ya chombo angani, gharama yake na sehemu kubwa ya kilichomo tumboni mwake. Neno ambalo wasemaji wa jeshi hulirudia ni "majaribio". Mwanafunzi wa semantiki atalitambua mara moja: ni neno pana kiasi cha kumeza lolote litakalotiwa ndani yake.

Hata hivyo, anga haina mlango wa kufungwa. Muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko, mtazamaji aliye ardhini huwa gizani ilhali chombo kilicho kilomita 400 juu yake bado kinamulikwa na jua. Huonekana kama nyota inayosafiri bila kupepesa. Mtu mwenye darubini ya mkononi na saa nzuri huweza kunakili wakati hasa kinapopita kati ya nyota mbili zinazojulikana. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vikikusanywa vipimo vya watu kadhaa walio katika mabara tofauti, hesabu ya njia nzima hupatikana, na safari zijazo hubashirika.

Ndivyo ilivyokuwa Mei 2010. Waangalizi wa ridhaa, miongoni mwao Greg Roberts wa Cape Town na Ted Molczan wa Toronto, walikipata chombo hicho wiki chache tu baada ya kurushwa. Walibaini kuwa kilikuwa kikipita baina ya latitudo ya 40 kaskazini na ya 40 kusini, na kwamba kilirejea juu ya maeneo yale yale kila baada ya siku nne, mwendo unaofanana na wa setilaiti za upelelezi. (Kenya nzima imo ndani ya mkanda huo.) Mwishoni mwa Julai kilihama njia, wakakipoteza, Agosti wakakipata tena. Kazi hii haikuzuka jana. Mwaka wa 1966, Geoffrey Perry, mwalimu wa fizikia katika shule ya Kettering nchini Uingereza, na wanafunzi wake walitumia redio na hesabu za darasani kugundua kuwa Wasovieti walikuwa wakirusha setilaiti kutoka kituo kipya ambacho hawakuwa wamekitangaza. Kituo hicho ni Plesetsk.

Lakini udadisi una sura mbili, na ya pili haina subira ya kupima. Januari 2012, jarida la Uingereza la Spaceflight lilidai kuwa huenda X-37B kilikuwa kikiichungulia Tiangong-1, maabara ya Uchina iliyokuwa ikiizunguka dunia. Dai hilo lilivuma. Lilikuwa na mantiki ya nje, kwa sababu mizingo ya vyombo hivyo viwili ilikuwa na mwinamo unaokaribiana mno, takribani nyuzi 43. Walioijua hesabu walionyesha kasoro: mizingo hiyo, ingawa iliinama sawa, ilielekea pande tofauti. Vyombo vilikuwa vikipishana kama magari mawili kwenye njia panda, kila kimoja kikienda mbio za maelfu ya kilomita kwa saa. Hapo hapana nafasi ya kuchungulia. Inafaa kutambua kwamba dai lilipingwa kwa vipimo vya umma. Jeshi lingeweza kulizima siku hiyo hiyo kwa kutangaza mzingo wa chombo chake.

Uvumi uliodumu zaidi ni ule wa silaha. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi kwenye mzingo wa dunia, ila haukatazi silaha za aina zote, hivyo hofu ina mlango wa kupitia. Yamkini dhana ya ndege ya kudondosha mabomu ni dhaifu, maadamu kombora la kawaida hufika upesi na halihitaji kungoja mzingo ulipitishe juu ya shabaha. Upelelezi na majaribio ya vifaa vya setilaiti zijazo ni maelezo yenye uzito zaidi. Tatizo ni kwamba mataifa mengine hayapangi ulinzi wao kwa maelezo yenye uzito zaidi, bali kwa yale ya kutisha zaidi. Nayo Marekani imechangia. Mnamo Julai 2019 Heather Wilson, aliyekuwa ametoka tu kuliongoza Jeshi la Anga, alieleza hadharani kuwa chombo hiki huweza kufuata mzingo wa umbo la yai, kikaligusa anga la dunia na kubadili njia, kiasi kwamba mahasimu hawajui kitatokea wapi tena. Mwaka huo huo, kilipotua Oktoba, ilibainika kuwa kilikuwa kimebeba setilaiti ndogo, na mwanaastronomia Jonathan McDowell akalalamika kwamba hazikuwa zimeandikishwa katika Umoja wa Mataifa jinsi mataifa yalivyokubaliana.

Uchina nayo ilirusha chombo chake cha aina hiyo Septemba 2020. Safari ya pili ilidumu siku 276, na matangazo yake yamekuwa mafupi kuliko ya Wamarekani. Mholanzi Ralf Vandebergh, aliyekipiga picha X-37B kwa darubini yake mwaka wa 2019, alikipiga picha na hicho cha Uchina mwaka wa 2024.

Desemba 2023, X-37B kiliondoka kwa safari ya saba juu ya roketi ya Falcon Heavy, yenye nguvu kuliko zote zilizokuwa zimewahi kukibeba. Kikatoweka. Februari 2024, Tomi Simola wa Finland alikiona: kilikuwa katika mzingo mrefu wa umbo la yai, kikikaribia dunia kwa kilomita 323 na kujitenga nayo hadi zaidi ya kilomita 38,000. Jeshi lilikaa kimya kwa miezi kadhaa, kisha Oktoba likatangaza kuwa chombo kingeanza kuligusa anga la dunia ili kubadili mzingo wake. Februari 2025 lilitoa picha moja iliyopigwa na kamera ya chombo chenyewe. Inaonyesha dunia nzima ikiwa duara gizani na, kwenye ukingo, sehemu ndogo ya chombo hicho.