Tola Mbili za Udi, Lita Moja ya Pombe

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina jedwali la tano ambalo wasafiri wengi hawajui hata kama lipo. Humo mmeandikwa vitu ambavyo abiria aliyetimiza miaka 18 anaweza kuingia navyo nchini bila kulipa ushuru. Pombe kali isizidi lita moja, au mvinyo lita mbili. Sigara, tumbaku na ugoro, jumla gramu 250. Manukato na maji ya kunukia nusu lita, na katika nusu hiyo manukato yenyewe yasizidi robo.

Nililisoma nikitafuta jambo jingine kabisa, likanikaa kichwani. Watazame akina mama wa Unguja wanaoteremka uwanja wa Kisauni kwa ndege ya Muscat au Dubai, mabuibui yamewachoka kwa safari, mabegi yamefungwa kamba. Pombe hawanywi. Sigara hawavuti. Katika mambo matatu waliyosamehewa, mawili hayawahusu ndewe wala sikio. Linabaki la tatu, manukato, na hilo nililipeleka kwa anayelijua.

Anauza udi Mji Mkongwe, katika kiduka ambacho wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri barazani. Hataki jina lake litoke gazetini, kwani mzigo wake mwingi huletwa na ndugu na jamaa wanaotoka Ghuba. Nilipomtajia robo lita alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole. Yeye lita haijui. Mafuta ya udi huuzwa kwa tola, na kichupa cha tola moja huchukua kama mililita 12. Robo lita, basi, ni tola ishirini na kitu. Akacheka. Mtu wa kubeba tola ishirini za udi wa kweli, anasema, hapiti na begi la mkononi. Huyo ana duka.

Akanifungulia kichupa kimoja. Mafuta yalikuwa mazito, rangi ya asali iliyokolea, yakishuka ukutani mwa kioo polepole kama yasiyotaka kutoka. Alichovya kizibo, akanigusa nyuma ya kiganja, akanikataza kunusa. Harufu ya mwanzo, anasema, ni ya zizini, na mnunuzi mgeni hukimbia hapo hapo. Ya pili huja baada ya robo saa, na hiyo ndiyo inayolipiwa. Kisha akatoa udi wa vijiti, vipande vya mti vyeusi kwa utomvu, akavipanga juu ya kitambaa cheupe kuanzia cha bei nafuu hadi cha ghali. Kipande kizuri ukikitia majini huzama. Kinachoelea kina utomvu mdogo, au ni mti tu uliopakwa harufu. Mwisho akanionesha udi wa kupikwa hapa hapa nyumbani, wa sukari, sandali na marashi, unaopikwa hadi ushikane, ukakatwa na kuanikwa. Huo, anasema, hauhitaji pasi ya kusafiria.

Hivyo vipande vyeusi ndivyo vyenye kisa. Mti wa udi hauoti kwetu. Huota Asia, kuanzia India hadi visiwa vya Indonesia, nao hutoa utomvu wa harufu pale tu shina linapojeruhiwa na kuingiliwa na ukungu. Umekatwa mno, hata jamii zote za mti huo zikaingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, Januari 2005. Ni mwezi ule ule Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi. Tanzania imo katika yote mawili. Kwa mkataba wa CITES, msafiri anasamehewa kibali kwa udi wa vijiti usiozidi kilo moja, mafuta mililita 24, na tasbihi mbili.

Mililita 24 ni tola mbili kamili.

Mwenyeji wangu alikuwa hajapata kusikia hesabu hiyo, lakini ilimwingia akilini mara moja. Tola mbili ni zawadi: moja ya mama, moja ya mkwe. Ya tatu inaanza kunukia biashara. Aliyeandika hivyo, anasema, ama alikaa na Waarabu ama alioa kwao.

Orodha ya forodha haina mkono wa aina hiyo. Chupa ya pombe, tumbaku na maji ya kunukia ndivyo vilivyotajwa pia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kurahisisha safari za watalii, uliotiwa saini New York mwaka 1954, na vikarudi katika Mkataba wa Kyoto wa mambo ya forodha. Mwaka 1954 Zanzibar ilikuwa chini ya Mwingereza. Na huu ni mji ulioishi kwa ushuru: mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa 1833 uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na mfanyabiashara Jairam Shivji akawa tajiri mkubwa kwa kukodi kazi ya kuukusanya.

Bado sijafika kwenye kifungu kinachomkera muuza udi kuliko vyote. Jedwali hilo hilo linasema msamaha wa abiria haugusi vitambaa vya jora, wala bidhaa za biashara, wala vitu vya kuuzwa au kugawiwa watu wengine. Kugawiwa! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani atarudi Unguja kutoka Muscat mikono mitupu? Shangazi anangoja, jirani aliyelinda nyumba anangoja, mwalimu wa chuo anangoja. Mkaazi anayerejea baada ya kukaa nje zaidi ya saa 24 amewekewa pia msamaha wa thamani, ambao kwa miaka mingi ulikuwa dola 500 za Marekani. Lakini kama robo tatu ya begi ni ya kugawa, je, begi hilo ni la msafiri au la biashara? Muuza udi anasema jibu hutoka machoni mwa afisa: vichupa sita vya aina moja ni duka, vichupa sita vya aina sita ni ukoo. Sijaona kifungu kinachosema hivyo.

Na ukidhani mambo yameishia Kisauni, panda boti. Wenye televisheni walizozinunua soko la Darajani wamewahi kuulizwa tofauti ya ushuru bandarini Dar es Salaam, ndani ya nchi moja. Hiyo imekuwa kero ya Muungano ya siku nyingi, nayo ina makala yake.

Kila mwaka, kabla ya bajeti za Juni, mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kupanga viwango vya ushuru wa mchele, sukari na chuma. Siku moja walitazame na jedwali la tano, wajiulize linamjua nani. Liitaje zawadi kwa jina lake na liiwekee kipimo, kama udi ulivyowekewa. Hadi hapo, msafiri, tunza risiti, usizidishe tola mbili za mafuta ya udi bila kibali, na ukiulizwa una nini begini, sema kabla hujafunguliwa.