Ng'ombe mmoja aliyeshiba awashinda wawili wenye njaa

JE, msomaji, umewahi kumtazama mbwa akila, kisha ukamtazama ng'ombe? Mbwa humeza pande la nyama bila kulitafuna sana, akajilamba na kwenda zake kulala. Ng'ombe naye hula kwa saa nyingi, halafu hulala chini na kuanza kutafuna upya kile alichokwisha kumeza. Tofauti hiyo imo katika meno na matumbo yao. Nayo yakuhusu hata wewe unayeishi mjini, hasa ikiwa kila mwezi watuma pesa mashambani za kumlisha ng'ombe wa gredi.

Tuanze na jamii ya mbwa. Hapa Kenya tuna mbwa mwitu, bweha na bweha masikio. Mbwa mwitu, yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano, ana meno 42 sawa na mbwa wa nyumbani. Baadhi ya magego yake yana makali yanayopishana kama makasi, na hayo ndiyo humwezesha kukata nyama upesi. Bweha pia ana meno 42, lakini magego yake ya nyuma yafaa zaidi kusaga, hivyo huweza kula matunda na wadudu pamoja na nyama. Bweha masikio, ambaye chakula chake kikubwa ni mchwa, ana meno madogo madogo yapatayo 46 hadi 50. Hawa ni wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja ana kinywa cha kufaa chakula chake.

Wote watatu wana tumbo moja na utumbo mfupi. Hawahitaji zaidi, kwa kuwa nyama husagika kwa urahisi. Kazi ngumu ya kugeuza nyasi kuwa nyama ilikwisha kufanywa na swala aliyeliwa.

Ng'ombe ndiye hufanya kazi hiyo ngumu. Hana meno ya mbele katika utaya wa juu. Badala yake ana ufizi mgumu. Hukata majani kwa ulimi na meno ya chini, kisha husaga kwa magego huku taya zikienda upande huu na huu, jambo ambalo mbwa hawezi. Tumbo lake lina vyumba vinne. Cha kwanza, kwa ng'ombe mkubwa, chaweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo mna vijidudu visivyo na idadi, na hivyo ndivyo vinavyovunjavunja nyasi. Ng'ombe peke yake hawezi. Kwa hivyo unapomlisha ng'ombe, kwanza unavilisha vijidudu hivyo. Ukimbadilishia chakula ghafla, au ukimpa nafaka nyingi kwa mara moja, tumbo hujaa asidi na mnyama huugua.

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi ataielewa. Tuseme una ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400. Kwa siku anahitaji chakula cha karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12, ukikadiria chakula hicho bila maji yaliyomo. Lakini nyasi za nepia zikiwa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kilo 100 zake zaweza kuwa na kilo 20 tu za chakula chenyewe. Kwa hivyo ng'ombe huyo atahitaji kilo 60 za nepia mbichi kila siku.

Katika zile kilo 12, karibu nusu hutumika kumweka ng'ombe hai tu: kupumua, kusimama, kutunza joto la mwili. Hiyo ni kama kodi ya nyumba. Lazima ilipwe kwanza. Kinachobaki ndicho hugeuka kuwa maziwa.

Hebu fikiri sasa mwenye shamba ameongeza ng'ombe wa pili, lakini nepia ni zile zile kilo 60. Kila ng'ombe atapata nusu, na nusu hiyo yote itakwenda katika kodi. Kwa muda watatoa maziwa kidogo kwa kuyeyusha mafuta ya miili yao. Baadaye watakonda, watachelewa kutafuta dume, na maziwa yatakauka. Chakula ni kile kile, kazi imezidi, maziwa yamepungua.

Ndiyo maana mfugaji hodari hahesabu mikia zizini, bali hupima lita alizopata kwa chakula alichotoa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache na mizani yatosha kuanzia.

Kuna mengine yasiyo na gharama kubwa. Nepia ikatwe ikifika urefu wa mita moja hivi, kwa maana ikikomaa sana huwa ngumu na virutubishi hupungua. Ikatwekatwe vipande vidogo ili ng'ombe asichague majani na kuacha mabua. Majani ya viazi vitamu au desmodiamu yaongezwe, kwani nepia pekee haina protini ya kutosha. Na maji yawepo mchana na usiku, kwa sababu karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji.

Basi nyumbani wakikupigia simu kuomba pesa za ng'ombe wa pili, usikatae wala usikubali haraka. Uliza kwanza: yule wa kwanza hula kilo ngapi kwa siku? Wakishindwa kujibu, pesa hizo zinunue mbegu za nepia na mizani.