MTOTO HAJUI KUSOMA: TUMCHUNGUZE KABLA YA KUMCHAPA



Shule zinapofungwa, katika nyumba nyingi za parokia zetu huwa kuna siku moja ya hofu, nayo ni siku ya kuleta ripoti. Baba anaifungua, anaona kwamba mwanawe wa darasa la tatu bado hajui kusoma, na kabla mama hajasema neno fimbo imekwisha tafutwa. Mtoto analia na kuahidi kuongeza bidii. Muhula unaofuata matokeo ni yale yale, na fimbo ni ile ile.

Wengi wetu tumelelewa hivyo. Tumezoea kuamini kwamba mtoto asiyejua kusoma ni mvivu au mtukutu. Lakini fimbo haiponyi macho, haiondoi minyoo tumboni, wala haimfundishi mtoto herufi asiyoijua. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaeleza jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, mambo yanayoweza kumzuia, na namna wazazi tunavyoweza kumsaidia.

Kusoma kunaanzia wapi?

Mtoto hujifunza kusema kwa kusikiliza watu wa nyumbani, bila daftari wala mwalimu. Kusoma ni jambo tofauti. Ubongo wa binadamu hauzaliwi na sehemu maalumu ya kusomea. Mtoto anapofundishwa, sehemu ya ubongo inayotambua vitu na nyuso za watu huanza kutambua herufi na kuziunganisha na sauti. Mwaka 2010 watafiti walitangaza matokeo ya kupima ubongo wa watu wazima wa Brazil na Ureno. Kati yao walikuwamo waliosoma utotoni, waliojifunza ukubwani na wasiojua kusoma kabisa. Ilionekana kwamba hata waliojifunza ukubwani ubongo wao ulikuwa umebadilika. Mzazi uliyekosa nafasi ya shule, habari hii ni njema kwako pia.

Mlango wa kwanza wa kusoma ni sikio. Kabla ya kuijua herufi, mtoto anapaswa kusikia kwamba "baba", "bata" na "barua" huanza kwa sauti moja. Kisha hufundishwa alama ya kila sauti, halafu huunganisha silabi kuwa maneno. Baadaye huongeza kasi. Kasi ina maana kubwa, kwa kuwa mtoto anayekokota kila silabi husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kuufikia mwisho.

Sisi tunaotumia Kiswahili tumejaliwa lugha inayoandikwa jinsi inavyotamkwa. Uchunguzi uliofanywa katika lugha mbalimbali za Ulaya na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha faida ya jambo hilo. Watoto waliosoma Kifini au Kitaliano, ambazo pia huandikwa karibu kama zinavyotamkwa, waliweza kusoma karibu maneno yote waliyopewa mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Waliosoma Kiingereza waliweza kama theluthi moja tu. Kwa hiyo mtoto wetu akifika darasa la tatu bila kuweza kusoma Kiswahili chepesi, tusiseme kwamba atajua mbele ya safari. Kuna sababu, na inafaa kutafutwa.

Aidha, kutamka maneno peke yake hakutoshi. Katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume, yule towashi Mwethiopia alikuwa anasoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake, na Filipo akamwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Swali hilo linatufaa mpaka leo kila mtoto anapofunga kitabu.

Tuanze na macho na masikio

Mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba haoni vizuri, kwa sababu hudhani watu wote huona kama yeye. Mwangalie. Je, hukunja uso akitazama ubaoni? Hushika kitabu karibu sana na pua? Hulalamika kichwa kumwuma baada ya kusoma, au hunakili vibaya kutoka ubaoni huku kazi za mdomo akizifanya vizuri? Mpeleke akapimwe macho. Huenda dawa yake ni miwani tu.

Masikio nayo yasisahauliwe. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kupoteza usikivu kidogo kidogo. Huyo hawezi kutofautisha vizuri sauti zinazokaribiana, kama "pa" na "ba", na hapo ndipo kusoma kunapokwama. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, umnong'oneze maneno mepesi na umwambie ayarudie. Asipoweza, mpeleke kituo cha afya. Usimtie sikioni mafuta, maji ya majani wala dawa ya kubahatisha.

Damu, minyoo na malaria

Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, husinzia darasani na hushindwa kutuliza mawazo. Viganja vyake na sehemu ya ndani ya kope huwa vyeupe. Minyoo ya safura hunyonya damu, na kichocho nacho humpotezea mtoto damu. Kisiwani Pemba watafiti waliwapa madini ya chuma watoto wa umri wa chini ya miaka mitano. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto hao waliendelea zaidi katika lugha, na lugha ndiyo msingi wa kusoma.

Hata hivyo, usikimbilie dukani kununua vidonge vya kuongeza damu. Uchunguzi mwingine wa Pemba, uliotangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo wote vidonge vya chuma bila kuwapima, mahali penye malaria nyingi, kunaweza kuwaletea madhara makubwa. Mtoto apimwe kwanza. Nyumbani tumpe maharage, dagaa, mboga za majani pamoja na tunda kama chungwa au embe, na nyama inapopatikana. Apewe uji kabla ya kwenda shule, avae viatu, anawe mikono kwa sabuni, na ameze dawa za minyoo zinapogawiwa.

Malaria kali nayo huacha alama. Huko Kilifi, Kenya, watoto waliowahi kuugua malaria ya kupanda kichwani walifuatiliwa miaka kadhaa baadaye, na karibu mmoja kati ya wanne alionekana kuwa na udhaifu katika lugha au uwezo mwingine wa akili. Mtoto akiwa na homa awahishwe kituoni siku hiyo hiyo, na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Somo kutoka Kwale

Je, tukimtibu mtoto, atajua kusoma? Kati ya mwaka 2010 na 2012 jambo hili lilichunguzwa katika shule za msingi 101 za pwani ya kusini ya Kenya, upande wa Kwale. Katika baadhi ya shule watoto walipimwa malaria kila muhula, na waliokutwa nayo wakapewa dawa. Katika baadhi, walimu wa darasa la kwanza walipewa mafunzo na mifano ya masomo ya kusoma, na kila wiki wakatumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Upimaji ule wa kila muhula haukupunguza upungufu wa damu wala kuinua masomo. Lakini watoto ambao walimu wao walisaidiwa walisoma vizuri zaidi, na walioacha shule walikuwa wachache. Hii haina maana kwamba malaria isitibiwe, kwani mtoto mgonjwa lazima apewe dawa. Maana yake ni kwamba afya humwandaa mtoto kujifunza, lakini bado anahitaji mtu wa kumfundisha vizuri, hatua kwa hatua.

Si uvivu wala laana

Wako watoto wenye macho mazima, masikio mazima na damu ya kutosha, ambao bado kusoma kunawashinda. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri na hodari wa hesabu, ambaye hata jina lake alilikosea kuliandika. Hali hii leo huitwa disleksia. Mara nyingi huwamo katika ukoo, na haina uhusiano na upungufu wa akili, uchawi au dhambi za wazazi. Katika Kiswahili mtoto wa namna hii anaweza hatimaye kusoma bila makosa mengi, lakini polepole mno, na akiandika huacha au hugeuza herufi.

Hakuna kidonge cha disleksia. Msaada wake ni kufundishwa sauti na herufi taratibu, kurudia mara nyingi, kuongezewa muda na kutochekwa. Fimbo humwongezea hofu, na mtoto mwenye hofu hata alichokijua hukisahau.

Tufanye nini nyumbani?

1. Zungumza na mtoto tangu akiwa mchanga, kwa lugha unayoijua vizuri. Hadithi na vitendawili vya jioni humjengea maneno atakayokutana nayo kitabuni.

2. Cheza naye mchezo wa sauti mnapochambua mchele au kutembea njiani: "Nitajie vitu vinavyoanza na ma."

3. Kila siku akusomee kwa sauti dakika 10 au 15. Hata kama wewe hujui kusoma, kaa umsikilize, kisha mwulize: "Ni nani huyo? Alifanya nini? Kwa nini?"

4. Mwone mwalimu wake mapema, bila kungoja ripoti. Mwulize anakwama wapi: kwenye herufi, silabi au maana?

5. Katika Jumuiya Ndogondogo, mpeni nafasi asome mistari miwili mitatu aliyokwisha ifanyia mazoezi nyumbani. Akikosea, msimcheke.

Wapendwa, ripoti itakapokuja tena na alama zikawa mbaya, tuiweke fimbo pembeni. Tumkalishe mtoto karibu, tumtazame macho, viganja na masikio, kisha tumfungulie kitabu tumsikilize. Katika robo saa hiyo tunaweza kujua mengi kuliko ripoti ilivyotuambia, na kesho yake tukajua kama tuanzie kituo cha afya au kwa mwalimu.

Mwenyezi Mungu azibariki familia zetu.