Ikweta na Msako wa Aksioni

Kisangani iko karibu kilomita 57 kaskazini mwa ikweta, na jua letu halisiti: likishatokeza upande wa maporomoko ya Wagenia, linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kwa msakaji wa aksioni, hiyo ni kasoro.

Aksioni ni chembe ambayo bado hakuna aliyeiona. Ilibuniwa mwaka 1977 na 1978 ili kutatua fumbo la nguvu inayoshikilia kiini cha atomu; baadaye ikadhaniwa kwamba huenda ndiyo maada giza, ile inayojulikana kwa uzito wake tu. Kama ipo, moyo wa jua unaimwaga kwa wingi, nayo inatupita bila kugusa kitu. Mwaka 1983 Pierre Sikivie alionyesha namna ya kuinasa: ndani ya sumaku kali, aksioni chache zingegeuka eksirei, na eksirei tunajua kuipima. Ni akili ya wavuvi wetu Wagenia na migono yao: humfukuzi samaki, unatega penye mkondo.

Maabara ya CERN, karibu na Geneva, ilitega mwaka 2003 kwa mtambo wa CAST. Sumaku yake, yenye urefu wa zaidi ya mita 9 na nguvu ya tesla 9, ilitengenezwa kwa majaribio ya LHC, mashine ya kugonganisha chembe. Dubwana hilo halikuweza kuinuka wala kuinama zaidi ya nyuzi 8, kwa hiyo lililinda jua asubuhi na jioni tu. (Jua likiwa chini ya upeo si hoja, aksioni hupenya ardhi.) Geneva jua hupanda mshazari, na nyuzi hizo 16 huchukua kama saa moja na nusu. Kwetu zingekwisha kwa saa moja na dakika chache: hasara ya karibu theluthi. Matokeo ya 2017 hayakuonyesha aksioni hata moja.

Ila ikweta ina fadhila zake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti ya NASA iliyoitwa Uhuru, maana Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake siku hiyo. Penye ikweta roketi hupata msukumo wa bure wa mzunguko wa dunia, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi ya Atlantiki ya kusini inayovuruga vipimo. Uhuru, ya kwanza kutengewa eksirei za angani, iliorodhesha vyanzo 339 na kuonyesha kwamba makundi ya galaksi hung'aa kwa eksirei.

Mng'ao huo unatoka kwenye gesi ya moto yenye sumaku yake, iliyotanda kwa mamia ya maelfu ya miaka-nuru. Sumaku kubwa hivyo ni mtego ambao hakuna kiwanda kinachouweza. Mwaka 2020 watafiti walichapisha vipimo vya setilaiti ya Chandra juu ya galaksi NGC 1275, katika kundi la Perseus. Kama eksirei zake zingegeuka aksioni njiani, kinyume cha mgeuko uliotegwa na CAST, wigo wake ungekuwa na makunyanzi. Haukuwa nayo, na kwa chembe nyepesi mno za jamii ya aksioni kipimo hicho kiliiacha CAST mbali.

Kwa hiyo tusililie sumaku ya Geneva. Data za Chandra ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Wanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wazipakue, waanze na Perseus.